Unga wa Njano wa Bi Somoe

Salfa ina harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa ikazimwa, na inakuingia puani kabla hujaiona. Mwaka jana, msimu wa kupulizia mikorosho, niliteremka kwenye bodaboda kijijini kwetu, Ruponda, begi likiwa mgongoni, nikaipokea harufu hiyo usoni kama kofi. Dereva alivuta kola ya shati akaziba pua, akasema mwaka huu korosho zitakubali. Mimi nilisimama palepale barabarani nimeshikwa na hasira. Haikuwa hasira ya mtu mzima mwenye shahada, ile inayojua kujieleza. Ilikuwa hasira ya mtoto wa miaka saba aliyepigwa bila kuambiwa kosa lake.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, sisi tuliolelewa na bibi pamoja na banda la video, kwa sababu nashuku wengi wetu tulidanganywa na watu walewale, kwa upole uleule, na mpaka leo tunawashukuru.

Bibi yangu aliitwa Bi Somoe, mama yake mama yangu. Mama alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni huko Nachingwea mjini, akija mwisho wa wiki. Siku nyingine zote nilikuwa wa bibi. Aliniita "mke mwenzangu", kwa kuwa babu, ambaye sikumkuta, alikuwa mume wetu sote wawili. Tuligombana kwa ajili yake kila siku. Bibi alisema mimi ndiye mke mdogo, kwa hiyo nikachote maji. Nami nilimjibu kwamba mke mdogo ndiye anayependwa, achote yeye.

Mikorosho ikichanua, ugonjwa wa ubwiriunga hukaa kwenye maua kama majivu meupe, na dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopuliziwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani, ili unga unate. Mjomba Salumu, mtoto wa mwisho wa bibi, ndiye aliyebeba mashine. Bibi alitangulia akimwonyesha mti kwa mti, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa mbali na kazi yake, alirudi nyumbani amekuwa wa njano mpaka kope. Nilimuuliza kwa nini tunaipulizia miti. "Isife," alisema. Nikamuuliza kama huwa haifi kweli. Akanionyesha mkorosho mkubwa nyuma ya jiko. "Huu aliupanda mume wetu. Yeye kaenda, mti huo hapo. Wewe unadhani kwa nini?"

Alikuwa anatania. Mtoto wa miaka saba atajuaje?

Mjomba Salumu alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa na banda la video: kuta za matete, viroba vimeshonwa kuziba mwanga, jenereta nje, televisheni ya kichogo, na deki. Jioni walikuja watu wazima kutazama ngumi za Wachina. Mchana lilikuwa letu. Picha zote zilikuwa za lugha ambazo hatukuzijua, kwa hiyo Mjomba aliizima sauti kabisa, akasimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akatutafsiria. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, na hata hicho alikipata kwa kuchungulia daftari la jirani. Hakuna aliyejali. Alijua kulia, kufoka, kukohoa kama mzee, kulia kama farasi.

Na palikuwa na sheria moja ambayo nyote mnaijua: steringi, shujaa wa picha, hafi. Akitupwa mtoni anatoka, akipigwa risasi inampata begani. Wengine wote wafe, steringi habaki porini. Ukiingia katikati ya picha, swali la kwanza ni hilo: steringi nani? Ukishamjua, unakaa kwa amani.

Siku ninayotaka kuisimulia, Mjomba alileta kanda kutoka kwenye boksi la mzungu mmoja aliyekuwa akihama misheni. Bibi naye aliingia bandani, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Mwanawe alikuwa ametoka shambani bila kula, ndipo bibi akamfuata na bakuli la ugali na kisamvu. Mtu akampisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyuma kabisa, akakaa, hajaoga bado, salfa imemjaa kitambaani.

Picha ilikuwa ya mji uliopotea. Mzungu mwenye kofia alikuwa akiutafuta porini na mchumba wake, nyuma yao msururu wa watu weusi wakiwa na maboksi vichwani. Mmoja akaanguka kwenye genge la mlima pamoja na boksi lake. Mjomba akasema, "Huyo kawahi mbele kuandaa chai." Tukacheka mpaka matete yakatikisika. Wakafika kwenye mwamba, mwamba ukafunguka, na ndani ulikuwemo mji wa nguzo na ngazi ambao watu wake hawafi. Malkia wao alibebwa mabegani mwa wanaume, juu ya kitanda kilichofunikwa kitambaa. Siri yao ilikuwa unga uliowekwa kwenye bakuli la jiwe.

"Unga wa njano," alisema Mjomba, akainua fimbo kuelekea nyuma. "Kama ule wa Bi Somoe pale."

Banda zima likageuka. Bibi akaziba uso kwa kanga, akicheka, akimwambia mwanawe atamlaani. Mjomba ndipo akanogewa. Katika picha palikuwa na mwanamke mzee, mtumishi wa malkia. Steringi alipojeruhiwa, mwanamke yule alilichukua lile bakuli kwa siri na kumpelekea. Mjomba akampa jina. "Bi Somoe huyo anakuja! Bi Somoe kaona mtoto wa watu anakufa, kasema, ngoja nimpulizie." Unga ukapulizwa, steringi akafumbua macho. Mara mshale ukatoka gizani, mwanamke akaanguka juu ya ngazi.

Nilisimama. Nakumbuka mbao ya benchi ilivyoinuka upande wangu.

"Kaeni, kaeni," alisema Mjomba, na sauti yake ikashuka. "Kalala huyo. Kachoka na kazi ya mchana kutwa. Ataamka. Watu wa mji ule hawafi."

Nikakaa. Nilikuwa nimeshamjua steringi wangu.

Kabla korosho za kwanza hazijaanguka, bibi alilala kitandani. Tumbo lilivimba, mikono ikawa miembamba kama yangu. Walimpeleka hospitali wakarudi naye upesi, na watu wazima wakaanza kusema kwa sauti ya chini, wakinyamaza nikiingia. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilishangaa tu kwamba hakuna mwenye akili katika nyumba ile. Ghalani lilikuwepo gunia la salfa lililobaki nusu, na wao wanachemsha majani.

Siku moja mchana, mama, aliyekuja kumuuguza, akiwa kisimani, nilichota salfa kwa kikopo cha maziwa ya unga, nikapanda kitandani, nikampulizia bibi kwa mdomo: miguuni, tumboni, usoni. Alikohoa. Alikohoa sana, mpaka nikashuka chini. Kisha akafumbua macho, akaona mikono yangu.

"Mke mwenzangu," alisema, "umeniona mkorosho?"

Nikamwambia sasa hatakufa. Nikamkumbusha picha. Alinitazama, ile njano imemkaa kwenye nyusi, akasema, "Haya. Sifi basi. Nifute macho."

Nimemuuliza rafiki yangu ambaye ni daktari kama salfa ile ilimdhuru. Alisema kikohozi hakikumsaidia, lakini ugonjwa ulikuwa wa tumbo na ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Nimemuuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti. Ananijibu vilevile. Lakini hasira yangu haiko hapo.

Iko hapa. Siku chache baadaye nilikuwa nacheza juu ya tuta la reli. Hilo nalo wa kwetu mnalijua: Waingereza walikuja kulima karanga, wakajenga reli, karanga zikawashinda, wakang'oa reli yao wakaondoka nayo. Limebaki tuta linalokwenda porini kama barabara isiyo na mwenyewe, na huku na huku sakafu za zege zilizomea nyasi, ngazi tatu zinazopanda kwenda kwenye nyumba isiyokuwepo. Mjomba alikuja na baiskeli. Hakushuka. Alisema, "Njoo, bibi anakutaka." Nikamjibu nakuja. Akasema, "Sasa hivi, amekutaja jina." Nikasema nakuja, Mjomba, akageuza baiskeli akakimbia.

Sikwenda. Tulikuwa tunajenga nyumba ya udongo na haijaezekwa. Kwa nini nikimbie? Bibi hafi. Alisema mwenyewe. Niliezeka nyumba ile kwa majani, nikaitengenezea na uzio, nikarudi nyumbani jua limeinama, nikakuta ndala na viatu vimejaa mlangoni.

Nilimuuliza Mjomba bibi yuko wapi. Alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, macho mekundu.

"Amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Mbali."

"Kwenye ule mji?"

Alijipangusa macho. Kisha akasema, "Ee. Kwenye ule mji."

Sasa niambieni, mtoto aliyeambiwa hivyo angeona nini siku iliyofuata? Aliona masufuria makubwa yakiletwa, mchele ukichaguliwa, watu wakija kutoka Mtua na kutoka mjini. Aliona wanaume wakitoka mlangoni na kitanda mabegani, kimefunikwa kitambaa kizuri, wakipokezana, kila mmoja akitaka kukigusa. Nilikuwa barazani na wanawake. Nilimwona bibi yangu anabebwa kama malkia. Nikapiga kigelegele.

Nilikipiga kwa nguvu zangu zote, kirefu, kama alivyonifundisha yeye kwa ajili ya harusi. Mama alinigeukia akanizaba kofi lililonitoa damu ya mdomo, kisha akaniangukia akalia, na hakuna mtu, nasema hakuna hata mmoja katika umati ule wa watu wazima, aliyeinama akaniambia neno moja la kweli.

Kwa hiyo nilikwenda kumtafuta. Nilifunga kiporo cha wali kwenye kitambaa, nikachukua kikopo changu cha salfa endapo ataishiwa, nikafuata tuta la reli. Mji uliopotea ungekuwa wapi kama si huko, kwenye zile sakafu na ngazi zisizokwenda popote? Nilipanda kila ngazi niliyoikuta. Niliita. Mwuza mkaa mmoja ndiye aliyenirudisha kwenye baiskeli yake, nikachapwa tena, safari hii kwa kupotea. Nilisema nilikwenda kwa bibi. Wakatazamana. Shangazi mmoja akasema mtoto huyu ana akili nyepesi.

Ukweli niliupata madrasa. Pengine ulikuwa umepita mwaka. Ilisomwa hitima, na mwalimu akaanza kuwataja marehemu wa kila ukoo ili waombewe. Tulishafundishwa maana ya marehemu. Akafika kwetu. Nikasikia: Somoe binti Nandonde. Niliitikia amina pamoja na wenzangu kabla sijaelewa nimeitikia nini. Hivyo ndivyo nilivyofiwa, kwenye jamvi, kati ya jina la mtu nisiyemjua na jina la mtu mwingine nisiyemjua.

Toka siku hiyo siamini kitu. Chuoni Dar nilikuwa yule mwanafunzi anayewachosha wahadhiri: nani kasema, chanzo chake nini, wewe ulikuwepo? Wenzangu walidhani ni akili. Na kwa miaka mingi niliitafuta ile picha mtandaoni. Niliandika kila nilichokumbuka: mji, mwamba, bakuli la jiwe, unga wa njano. Sikuipata. Mwenzangu mmoja mpenda picha za zamani alisoma maneno yangu, akafuta neno moja, na picha ikaja.

Alilofuta ni njano. Picha haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho, ya zamani kuliko mama yangu. Mimi, mtu wa nani kasema, ningeapa mahakamani kwamba niliuona ule unga na kwamba ulikuwa wa njano.

Niliitazama kwenye simu, ikiwa na sauti, kwa Kiingereza changu kilichosomeshwa kwa korosho za Ruponda. Yule aliyeanguka gengeni hakuwahi mbele kuandaa chai. Anaanguka akipiga yowe, na steringi anauliza katika boksi lile kulikuwa na nini. Mwanamke mzee hana neno hata moja analosema. Hana jina; orodha ya majina ya waigizaji mwishoni inataja hadi mbwa. Anapigwa mshale, anaanguka, na bakuli liko palepale mkononi mwake, nusu limejaa. Nusu! Unga wa kufufua watu, ameshika mwenyewe, na hakuna anayefikiria kumpulizia hata chembe. Mji unaporomoka, steringi anaokota kofia yake, anaipangusa vumbi, anaondoka na mchumba. Nilitamani kuivunja simu.

Ndiyo maana mwaka jana, harufu ya salfa iliponipokea, sikukaa Ruponda. Nililala usiku mmoja, asubuhi nikaenda Ruangwa, na kutoka hapo mpaka Matambarale, ambako Mjomba Salumu amehamia analima ufuta. Nilimkuta ametandika turubai, anapiga mafungu ya ufuta kwa fimbo. Nilimwamkia. Aliitikia, akanipangusia kigoda.

"Msomi huyo. Umekuja kutupima akili?"

Nilimwambia nimekuja kumuuliza kwa nini alisema unga ni wa njano. Nilidhani atakuwa amesahau ni picha ipi. Hakuuliza.

"Mama alikuwa amekaa nyuma pale, njano tupu," alisema. "Nikaona nimchekeshe. Alikuwa ameanza kuumwa tumbo, anatuficha."

"Na jina lake ukampa yule mwanamke."

"Yule mwanamke hakuwa nalo."

"Na alipokufa ukasema kalala."

Aliacha kupiga. "Ulitaka nimuue mama yangu mbele ya watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote isipokuwa hilo. Lakini sikuja kusamehe, na nikamwambia hivyo. Nilimwambia alinipokonya siku ile. Kwamba bibi aliniita kwa jina nami nikaezeka nyumba ya udongo, kwa sababu yeye alisimama na fimbo akasema watu wale hawafi. Nilimwambia juu ya kigelegele, damu, ngazi za zege. Alinisikiliza ameinama, akiokota punje za ufuta zilizoruka nje ya turubai.

"Ulikuwa mtoto," alisema mwishowe. "Mtoto haambiwi."

"Uliniambia, Mjomba. Uliniambia kaenda kwenye mji."

"Mji uliutaja wewe. Mimi niliitikia tu."

Na hilo ni kweli, na ndilo linalonichoma zaidi. Nilitoa simu, nikaifungua picha, nikazima sauti, nikampa. Mwanzo alisahau ugomvi. Kidole chake kilianza kuonyesha, sauti yake ya bandani ikarudi yenyewe, ikiwa na mikwaruzo ya uzee: "Steringi huyo, anatafuta njia..." Nilipeleka mbele hadi kwenye ngazi. Mwanamke alikuja na bakuli. Akapuliza. Mshale ukatoka gizani.

"Tafsiri," nilimwambia.

Mjomba alifungua mdomo. Niliona neno la zamani linakuja, nikaona analizuia. Kwenye kioo mwanamke alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya bakuli.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

"Bi Somoe." Aliweka simu juu ya turubai, juu ya ufuta, taratibu, kama anayelaza mtoto. "Bi Somoe amekufa, mwanangu. Alikutaja mara mbili, halafu akafa."

Mara mbili. Hilo sikuwa nalijua. Nimelichukua, ni langu, na hasira bado ninayo, sijaombwa niitue. Nililia pale juu ya kigoda, mkubwa mzima, na Mjomba akalia upande wake, kila mmoja na kilio chake. Kwenye turubai picha iliendelea bila sauti. Mji uliporomoka, steringi akaokota kofia yake, na safari hii hakuwa na mtu wa kumtazama.